Nge wa Shingoni: Kisa cha Mwanachuo wa Umeme na Barua ya Mstari Mmoja

Kisa hiki nilikishika mwenyewe nikiwa mshauri wa wanachuo katika chuo kimoja cha ufundi stadi, mji mmojawapo wa pwani ya Tanzania. Nakiandika kwa washauri wenzangu, kwa walimu wa fani, na kwa waajiri wanaopokea vijana wa mafunzo kwa vitendo, au "fildi" kama wanachuo wanavyosema. Majina, mwaka na mji nimeviondoa. Kampuni sitaitaja. Hata mdudu aliyechorwa shingoni mwa kijana si nge. Nimembadilisha kwa mwingine wa tabia hiyohiyo. Kitu kimoja tu sikukigusa, nacho ni kabila la bibi yake, kwa sababu bila hilo kisa hakisimami, na Wamakonde mjini kwetu ni wengi.

Kijana nitamwita Juma.

## Usuli

Juma alikuwa na miaka 21, mwaka wa pili wa umeme wa majumbani. Darasani alikuwa wa kawaida, ila karakanani mwalimu wake alizoea kuwaita wenzake waje watazame boksi alilofunga: nyaya zimelala sambamba kama nywele zilizotoka kusukwa, hakuna iliyopanda juu ya mwenzake. Hakuwa msemaji. Alikuwa akifika saa moja kasoro, anafagia sehemu yake, anaanza kazi.

Nge alikuwa upande wa kulia wa shingo, mkia umepanda mpaka nyuma ya sikio. Alichorwa akiwa na miaka 17, na kijana wa mtaani kwao aliyetengeneza mashine kwa mota ya gari la kuchezea, ganda la kalamu na kipande cha waya wa gitaa. Malipo yalikuwa shilingi elfu tano. Sikio la upande huohuo lilikuwa limetogwa. Hereni hakuwa akivaa tena, tundu lilikuwepo.

Nyumbani aliishi na shangazi yake na bibi mzaa baba. Bibi alivuka mto Ruvuma akiwa binti mdogo, wazazi wake walipofuata kazi za mashamba ya mkonge kama Wamakonde wengi wa Msumbiji wa miaka ile. Uso wake una nembo: mistari ya kukunjwa pembe, mmoja chini ya mwingine, kutoka mashavuni hadi juu ya nyusi. Kwenye mdomo wa juu kuna tundu la ndonya. Ndonya yenyewe, kijiti cha mpingo, aliiacha zamani sana. Tundu likabaki, limejikunyata. Mgeni akibisha hodi, bibi huvuta ncha ya khanga na kuikamata mdomoni. Siku ya kwanza nilidhani ana kikohozi.

Nafasi za fildi kwetu ni za kugombania. Wiki nane, zina alama zake, na asiyezikamilisha hakai kwenye mtihani wa mwisho. Kampuni moja ya ukandarasi wa umeme, inayofanya kazi zaidi kwenye nyumba za watu binafsi, ilikubali kuchukua wanachuo wanne. Juma alikuwa wa kwanza kwenye orodha, kwa pendekezo la mwalimu wa karakana.

## Mambo yalivyokwenda

Jumatatu ya kwanza, saa nne asubuhi, Juma alirudi chuoni akiwa na bahasha. Ndani mlikuwa na karatasi yenye mstari mmoja na mhuri. Ilisema kijana amerejeshwa kwa kuwa "mwonekano wake hauendani na hadhi ya kampuni". Juu kulia, kwenye kichwa cha barua, palikuwa na nembo ya kampuni hiyo, radi ya njano ndani ya duara.

Ofisini tulikuwa watatu: mimi, mratibu wa fildi na mkuu wa idara. Mratibu alisema alijua tu. Mkuu wa idara akauliza kwa nini kijana huyu alipokelewa chuoni toka mwanzo. Juma alisimama mlangoni wakati haya yanasemwa, na hakuna aliyemwambia akae.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wangu. Nilipendekeza afunike. Sababu nilizoziona siku hiyo zilikuwa tatu, zote za kweli: muda ulikuwa mfupi, nafasi nyingine hakukuwa nayo, na kampuni haikuwa imesema ina tatizo na kazi yake, ila na sura yake tu. Nikamtuma duka la dawa akanunue plasta pana ya kufungia vidonda, nikampa na shati langu la michezo lenye kola ndefu. Nikampigia simu afisa utumishi wa kampuni. Akasema, "Kama haonekani, basi aje."

Siku mbili zilikwenda vizuri. Siku ya tatu alikuwa juu ya ngazi, dari la nyumba ya mteja, mwezi wa joto, bati juu ya kichwa. Jasho likafanya kazi yake. Plasta ikaning'inia upande mmoja. Mama mwenye nyumba, kwa huruma kabisa, akamwuliza mwanangu umeumia nini. Juma akajibu: jipu. Mama akaenda ndani akamletea kitunguu saumu kilichopondwa. Kesho yake akamwuliza jipu limefikia wapi. Wiki ya pili jipu bado lilikuwepo, na mama akawa anamshauri aende hospitali, na tayari alishampigia simu mwenye kampuni kumwambia kijana wake anaumwa na hamtibu.

Hapo ndipo fomeni alipoibandua plasta mbele ya wenzake. Neno alilolitumia halikuwa "mhuni", lilikuwa "tapeli". Juma alinieleza baadaye kwamba la uhuni amelizoea tangu kidato cha tatu. La utapeli lilimkuta hana pa kuliweka.

Akasimamishwa mpaka Jumatatu. Jumamosi alikwenda kwa mtu mmoja gereji, anayejulikana mtaani kwamba anafuta tatuu. Dawa yake ilikuwa maji ya betri, yaani asidi ya sulfuriki, yaliyopakwa kwa pamba. Juma alivumilia anavyokadiria dakika tano. Hakuosha, maana yule mtu alimwambia maji yataharibu dawa.

Nilipigiwa na shangazi Jumapili usiku. "Mwalimu, njoo umwone mtoto wenu." Aliposema *wenu* nilimwelewa. Nilimkuta amelazwa kifudifudi kwenye mkeka, shingo imevimba, ngozi imechubuka hadi nyama nyekundu, na mkia wa nge bado unaonekana nyuma ya sikio kwa sababu pamba haikufika huko. Bibi alikuwa amekaa pembeni na bakuli la maji ya chumvi yaliyopoa, anakamua kitambaa na kukitua taratibu kwenye kingo za kidonda. Khanga ilikuwa imemteleza mdomoni na hakuwa na habari nayo.

Alimwuliza mjukuu wake swali moja, mbele yangu: "Mimi waliponichanja nilishikwa na watu wanne. Wewe alikushika nani?"

Juma hakujibu. Bibi akaendelea, si kwa kumlaumu, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda kisimani. Alichanjwa kwa kisu kidogo, damu ikafutwa, ikapakwa masizi ya mnyonyo. Shangazi yake mmoja alimshika kichwa, mwingine miguu. Alilia, wakaimba zaidi ili asijisikie analia. Kidonda kilipopona akapikiwa. Kila aliyemwona njiani alijua ni binti wa nani.

Usiku ule tukampeleka hospitali. Mganga wa zamu alisema jambo ambalo kila mtu anayefundisha ufundi anapaswa kulijua kwa moyo: asidi ikimwagika mwilini, maji safi yanayotiririka, mengi, si chini ya dakika 20, kisha hospitali. Sisi ni chuo cha umeme, betri ziko karakanani, na somo hilo Juma alikuwa amelisoma mwaka wa kwanza.

## Kikao

Uamuzi wa pili ulikuwa kuomba kikao na mwenye kampuni mwenyewe, si afisa utumishi. Kabla ya kwenda nilikesha na sheria, nikitafuta fimbo ya kumtishia. Sikuipata. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa misingi mingi: rangi, kabila, dini, jinsia, ujauzito, ulemavu, VVU, umri na mingine. Mchoro wa shingoni haumo. Nikavuka mpaka. Kenya, mwaka 2019, Mahakama Kuu ilimrudishia haki msichana aliyezuiwa shule ya sekondari kwa sababu ya rasta zake, lakini msingi wa hukumu ulikuwa dini: nywele zile zilikuwa sehemu ya imani yake ya Kirastafari. Afrika Kusini, mwaka 2007, Mahakama ya Katiba ilimpa haki mwanafunzi wa Durban aliyekatazwa kipini cha pua. Hapo msingi ulikuwa dini na utamaduni wake wa Kihindu, ukoo wa Kusini mwa India. Kote huko aliyeshinda alikuwa na watu nyuma yake, imani au ukoo. Juma nyuma yake alikuwa na mota ya gari la kuchezea.

Kukosa fimbo kulinisaidia. Nilikwenda kuuliza.

Tulikuwa watano: mwenye kampuni, fomeni, mimi, shangazi na Juma mwenye bandeji. Mwenye kampuni ni mzee wa miaka sitini na kitu, mtaratibu, aliyeanza na baiskeli na begi la bisibisi. Alianza na alichodhani tunataka kusikia. Enzi zake, alisema, vijana walinyooshwa. Alikuwa mtoto Dar es Salaam mwaka 1969, Umoja wa Vijana wa TANU ulipoendesha Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Kaka yake alirudi nyumbani suruali imechanwa mguu mmoja.

"Na hiyo suruali," shangazi akauliza, "alikuwa kaiba?"

"Hapana. Aliishona kwa fundi, kwa hela yake."

"Sasa baba, kosa lake nini?"

Mzee akacheka kidogo. Shangazi, ambaye hakusoma zaidi ya darasa la saba lakini redio haimpiti, akaongeza kwamba Mwalimu Nyerere mwenyewe, ambaye serikali yake ndiyo iliyokuwa madarakani, meno yake ya mbele yalikuwa yamechongwa, kwa mila ya Wazanaki, na akaenda nayo hadi Umoja wa Mataifa. "Angekuja kuomba fildi kwako na meno yale ungemrudisha na barua?"

Fomeni alicheka mpaka akatoka nje. Kikao kikawa kingine kuanzia hapo.

Ndipo nikauliza swali ambalo ningepaswa kuliuliza kwa simu siku ya kwanza: unaogopa nini hasa? Mzee akajibu bila kuzunguka. Wateja wake wengi ni akina mama, mchana waume hawapo. Mwanamume wasiyemjua anaingia hadi chumbani kupima soketi, anaona begi liko wapi, anaona dirisha linafungwaje. Mama akiona nge shingoni hatapiga simu kulalamika. Atanyamaza, na mwakani atamwita fundi mwingine. "Mimi sina shida na nge. Nina shida na yule mama asiyejua kijana huyu ni wa nani."

Ni wa nani. Nilikuwa nimeyasikia maneno hayohayo siku chache kabla, sakafuni, kwenye bakuli la maji ya chumvi.

Tuliyokubaliana yaliandikwa ukurasa mmoja. Wiki za mwanzo baada ya kupona Juma atafanya majengo mapya yasiyo na watu: kuchimbia, kupiga paipu, kuvuta waya. Baadaye ataingia nyumba za watu pamoja na fomeni, na fomeni atamtambulisha kwa mteja kwa jina, chuo na kazi anayoijua. Atavaa kitambulisho chenye picha inayoonyesha shingo. Hatafunika. Mteja akikataa, anahamishwa nyumba siku hiyo, bila barua. Mwenye kampuni ndiye aliyeleta hoja ya picha kuonyesha shingo; alisema mama akiona kitambulisho hakijaficha, atajua hata kampuni haijaficha.

## Matokeo

Kidonda kilichukua karibu wiki sita kufunga, kisha kikaota keloidi, nene, ya kung'aa, inayowasha. Sasa ana kovu linalotisha kuliko nge, na juu yake mkia. Amekwenda kliniki ya ngozi, akachomwa sindano za kupunguza uvimbe, likashuka kiasi.

Fildi aliikamilisha kwa awamu mbili, akafanya mtihani, akafaulu. Kati ya wateja alioingia nyumbani kwao, wawili walikataa. Mmoja wa waliomkubali ni yule mama wa kitunguu saumu, aliyemsema vya kutosha kwa kumdanganya, kisha akamwagiza afunge taa za uani.

Kampuni haikumwajiri. Mzee alisema nafasi hakuna, na huenda ni kweli. Juma anafunga umeme mwenyewe mitaani, na wanaompeleka kwa wenzao humtaja kwa yule mdudu: "Mtafute fundi Nge." Jeshi la Polisi, alilokuwa akilitamani tangu shuleni, limefungwa kwake, matangazo yao ya ajira humtaka mwombaji asiwe na mchoro mwilini. Hilo alikuwa akilijua. Ndiyo sababu yule mtu wa gereji alimpata kirahisi.

## Uchambuzi

Plasta. Kosa kubwa la kisa hiki si la kampuni, ni langu. Nilitibu macho ya watu kwa kumpa kijana kitu cha kuficha, na kitu cha kuficha hudai maelezo, na maelezo yakawa uongo. Kabla ya plasta Juma alikuwa mtu mwenye mchoro. Baada ya plasta akawa mtu mwenye siri, na katika nyumba za watu siri ndiyo hofu yenyewe. Kufunika si kubaya daima. Wapo vijana niliowashauri wafunike na ikawafaa, hasa pale mwajiri, mteja na kijana wote wanajua kilichofunikwa ni nini. Hapa mteja hakuambiwa, akaachwa na jipu.

Kuna na jingine. Nilipomwambia afunike, nilimwambia kwamba hata mimi, mshauri wake, naona pale shingoni pana aibu. Sikuyatamka. Alinisikia vizuri tu. Umbali kutoka plasta yangu hadi pamba ya gereji ulikuwa chini ya wiki mbili.

Sindano. Kwa miaka minne walimu, ndugu, mashekhe na wachungaji wa mtaani waliongea na Juma kuhusu picha. Aliambiwa hadithi za Mtume kuhusu laana ya mchoraji na mchorwaji, akasomewa na jirani Mambo ya Walawi 19:28, mstari ambao, mtu akiusoma wote, unakataza chale pamoja na michoro. Hakuna hata mmoja aliyemwuliza kuhusu sindano. Ile ile iliyomchora ilikuwa imewachora wawili kabla yake siku hiyo. Homa ya ini aina ya B husafiri kwa damu, na virusi vyake hukaa nje ya mwili, vikiwa hai, siku 7 na zaidi. Nilimpeleka kupima baada ya kisa chote kuisha. Majibu ni yake. Ila tangu siku hiyo mwanachuo akija kwangu na mchoro mpya, swali la kwanza ni kama amepima, na kama chanjo ya homa ya ini amepata.

Upande wa kufuta nao una ujinga wake ambao tungeweza kuuzuia. Wino wa tatuu haukai juu ya ngozi. Uko tabaka la chini, ndiyo maana haufutiki kwa kuoga. Kwa hiyo chochote cha kupaka, iwe maji ya betri, chokaa au dawa ya choo, lazima kiile ngozi ya juu yote kabla hakijaufikia. Kinachofanya kazi ni leza, kwa mizunguko mingi, na kwa ngozi nyeusi inatakiwa ya wimbi refu, nanomita 1064, kwa sababu fupi huchoma na rangi ya ngozi yenyewe. Ni ghali, na mjini kwetu haikuwepo. Kumwambia kijana "haifutiki hapa kwetu, na usijaribu" ni ushauri mkavu, lakini ungemwokolea shingo. Hakuna aliyempa, na mimi nikiwemo.

Nembo. Neno hili linanisumbua kuliko yote. Kwa bibi, nembo ni mistari ya usoni. Kwa kampuni, ni radi ya njano ndani ya duara, inayoshonwa kwenye kila shati la fundi. Juma alikataliwa kuingia na alama yake ili avae alama yao. Sisemi hivi kwa kuilaumu kampuni. Nadhani mzee alikuwa akieleza jambo la kale kwa lugha ya biashara. Jamii zetu hazijawahi kuogopa mwili uliotiwa alama. Pwani hii mwanamke wa heshima alikuwa na kipini puani na ndewe za kupitisha kidole. Wamasai walirefusha masikio, Wazanaki walichonga meno, na Wamakonde wakafanya uso mzima kuwa barua ya utambulisho. Kinachoogopwa ni alama isiyo na aliyeishuhudia. Tundu lilelile la sikio kwa binti wa miezi mitatu hupongezwa kwa ubani, na kwa kijana wa miaka 17 huitwa uhuni, kwa sababu la kwanza lilitobolewa mbele ya shangazi na la pili nyuma ya kibanda.

Na heshima hiyo ya kale nayo inageuka haraka. Vinyago vya mapiko, ile ngoma ya Wamakonde, vyenye nembo na ndonya vinauzwa Mwenge, Dar es Salaam, na vinaning'inia kwenye kuta za hoteli ambazo msichana wa mapokezi akija na tatuu mkononi hapokelewi. Kwenye ukuta, kwa mgeni, nembo ni sanaa. Usoni mwa mwanamke mzee kwenye foleni ya hospitali, ni kichekesho cha watoto. Bibi yake Juma hakuanza kuvuta khanga mdomoni bila sababu.

Kilichofaa. Kuuliza hofu iko wapi kulifaa, kwa sababu hofu ya mzee ilikuwa na dawa na dawa hiyo haikuhusu ngozi ya mtu: jina, kitambulisho, mtu wa kumtambulisha. Shangazi alifaa kuliko mimi. Ningekwenda na mkuu wa idara badala yake, tungezungumza nidhamu saa mbili na kuondoka. Kurudi kwa mama wa kitunguu saumu na kumweleza ukweli, wazo la Juma mwenyewe, kulifaa pia. Mimi nilimkataza, akaenda.

Kilichofaa nusu ni ile karatasi ya makubaliano. Ilimlinda Juma ndani ya kampuni ile, kwa muda ule. Haikugusa afisa utumishi aliyeandika barua ya mstari mmoja, ambaye mwaka uliofuata alimrudisha mwanachuo mwingine, safari hii mwenye rasta, kwa maneno yaleyale. Chuoni tumebadilisha fomu ya fildi: kampuni ikimrejesha mwanachuo, inatakiwa iandike ni kazi gani alishindwa au ni mteja gani alilalamika. Kampuni tatu zimejaza vizuri. Nyingine zinapiga simu badala ya kuandika.

Aliyeachwa. Kwenye kikao hatukumwita bibi. Tulisema tusimsumbue mzee, safari ni ya daladala mbili. Nikijiuliza leo kwa ukweli, nadhani tuliogopa kuingia ofisini kwa mwenye kampuni na uso ule, tukiwa tumekwenda kutetea shingo. Mtu pekee kati yetu aliyejua alama ya mwilini ni nini, inaumaje, inatolewa na nani na inamwachia nini mwenye nayo, alibaki nyumbani anasubiri habari.

Mahafali alikuja, kwa bajaji, khanga mpya. Mpiga picha wa chuo aliwasimamisha yeye na mjukuu wake chini ya mwarobaini, akamwomba bibi ateremshe khanga, sura ionekane. Bibi akakataa kwa kichwa. Juma akamtazama, kisha akainua kola ya joho lake hadi sikioni, na picha ikapigwa hivyo.